Usiku nashona wanasesere, mama mkwe asema ni utoto

*Shangazi, shikamoo. Naishi Kisauni. Tangu mume wangu aachishwe kazi bandarini mwezi wa tatu, usingizi hauji. Watoto wakilala nachukua leso kuukuu, nakata, nashona wanasesere. Sasa ninao saba, wote shingo zimelegea. Mama mkwe asema nimerudi utotoni, na jirani asema kuwatia macho ni haramu. Niache? – Mama Watatu*

Marahaba, mwanangu. Usiache.

Agosti 1997, ghasia zilipozuka Likoni, nilivuka feri na wanangu wawili na furushi moja la nguo, tukahifadhiwa kwa dada yangu Majengo. Usiku mlango ukigonga tu, mdogo hushtuka akalia. Nikararua pindo la leso niliyojifunga, nikamshonea mwana wa kitambaa. Bandi zilikuwa kubwa kubwa, ovyo. Lakini muda wote macho yalipokuwa kwenye ncha ya sindano, masikio yangu hayakuwa tena barabarani. Kazi ya mumeo huwezi kuipata usiku huu. Mkono wa mwanasesere waweza kuumaliza, kisha ukashika wa pili.

Kuhusu macho: Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya Bi Aisha akieleza alivyokuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume. Kwa hadithi hiyo wanazuoni wengi wameruhusu vya kuchezea watoto. Wengine hawataki viwe na sura. Muulize shehe wa msikiti wenu, na moyo ukisita, uache uso mtupu. Yule wangu wa Majengo hakuwa na uso, na mwanangu alijua lini analia na lini amelala. Ukiweka macho, yatarizi kwa uzi. Vifungo hung'oka, na mtoto wa chini ya miaka mitatu atavimeza.

Shingo sasa. Sufi itie kidogo kidogo, uishindilie kwa kitako cha penseli mpaka shingo ukiibinya isibonyee. Na kabla ya kugeuza nguo, tia mkasi vipengo vidogo kwenye kwapa, usifike kwenye mshono, la sivyo mkono utavutika. Leso kuukuu umechagua vyema. Mpya ina dondo, ule wanga unaoikaza, lazima uifue kwanza. Jina la leso, yale maandishi yake, nalo usilitupe. Ninaye mmoja ameandikwa "huvuta heri" mgongoni, ile "subira" ilikwenda kwenye mguu. Nampenda kuliko wote.

Lakini kukosa usingizi tangu mwezi wa tatu ni muda mrefu. Nenda hospitali umweleze daktari, kama ambavyo ungemweleza homa. Sindano ya kushonea ishike, na dawa ukipewa utumie.

Mama mkwe usibishane naye. Muombe leso yake moja iliyochakaa, mwambie wajukuu wanataka mwanasesere aliyevaa leso ya bibi yao. Kisha mkalishe karibu nawe, akuchagulie pindo.