Ukimnyanyua kobe: majibu ya maswali yenu

Mvua zikianza kobe hutoka, na maswali yenu nayo hutoka. Haya ni ya juma hili.

Nilimkuta kobe barabarani, nikamnyanyua asije akakanyagwa. Akanikojolea hadi viatuni! Ni hasira au woga?

Ni woga, na hasara ni yake kuliko yako. Kibofu cha kobe ndicho mtungi wake wa maji. Kiangazi, nyasi zikikauka, mwili huyavuta maji ya kibofuni kidogo kidogo. Ile tope nyeupe kama chokaa uliyoiona kwenye kiatu ndiyo taka yenyewe, imekazwa hivyo ili maji yasipotee bure. Sasa ukimshtua akamwaga akiba yote, na mvua bado mbali, umempa kiu ya muda mrefu.

Wema wako siulaumu. Ila siku nyingine mshike kwa mikono miwili ubavuni, asiinuke sana kutoka chini, wala usimgeuze chali. Mvushe upande ule ule alikokuwa akielekea. Ukimrudisha alikotoka, ataianza safari upya.

Mwanangu anauliza: kobe akikua gamba likambana, huhamia jingine?

Mwambie hahami, kwa sababu gamba si nyumba, ni mifupa yake. Ukiokota gamba tupu porini, lichungulie kwa ndani: utauona uti wa mgongo umepita katikati kama mwamba wa paa, na mbavu zimeshikamana pande zote. Juu yake kuna vigae vya kitu kile kile cha kucha zetu. Ukimkuna anahisi. Basi msimpake rangi, tafadhali.

Na zile pete za kwenye vigae wengine huzihesabu kama umri. Si za kuaminika. Mwaka mmoja wenye neema unaweza kuacha pete zaidi ya moja.

Wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu ni wa asili ya Zanzibar?

La, ni wageni waliozaliana. Asili yao ni Aldabra, Shelisheli. Wanne wa mwanzo waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa huko. Dume lililokomaa laweza kufika kilo 250. Mkune shingo uone: atasimama juu kwa miguu yote minne, shingo ameinyoosha, macho nusu yamefumba, kama mzee anayekandwa mgongo.

Umri? Jonathan, kobe wa kisiwa cha Saint Helena, alifika huko 1882 akiwa tayari mtu mzima, na hukadiriwa kuwa alianguliwa karibu na 1832. Fanya hesabu mwenyewe.

Kuna kobe bapa kama chapati, au ni utani?

Yupo kweli, na ni wetu: anaishi kwenye miamba ya Tanzania na Kenya, na wachache Zambia. Gamba lake ni jembamba, linanepa ukilibonyeza. Kwa hiyo hajifichi ndani yake; akiona hatari hukimbia (naam, kobe anakimbia!) na kujipenyeza kwenye ufa wa jiwe, akakaza miguu usimtoe. Hutaga yai moja tu kwa mkupuo. Ndiyo sababu biashara ya kumuuza nje kama kipenzi ilimpunguza haraka, na mwaka 2019 biashara hiyo ya kimataifa ikapigwa marufuku.

Nitajuaje dume na jike?

Tazama tumbo: la dume limebonyea, asije akateleza anapompanda jike. Mkia wake pia ni mrefu na mnene zaidi. Kwa watoto usijisumbue, hawajatofautiana bado. Cha ajabu ni kwamba kwa kobe wengi jinsia huamuliwa na joto la mchanga yalimofukiwa mayai: pakiwa na joto zaidi, majike huzidi.

Kobe na kasa ni mmoja?

Ni ndugu. Kasa ana makasia, anaishi baharini. Kobe ana miguu kama ya ndovu, anaishi nchi kavu.