Nyinyi wa Inama Mlioanza Juzi, Wekeni Wembe Chini

Jumanne nilipita kwa kijana mmoja mgeni wa inama, yaani sisi tunaouza vitabu vya mitumba chini kando ya barabara, pale Kenyatta Avenue, hapa Nakuru, nikamkuta amechuchumaa na wembe mkononi. Mbele yake kitabu cha Bob Marley kimelazwa wazi kama samaki anayeparwa. Anakata picha moja moja, na jirani yake anazikalia zisipeperuke. Nikauliza ni za nini. "Za vinyozi, mkubwa. Hamsini hamsini." Sikujibu. Nilirudi kwangu nikaona heri niandike, maana nikiongea nanyi ana kwa ana napandisha sauti na wateja wanavuka barabara.

Ninayowaandikia ni ya kuuza vitabu vya roki, na Marley si roki, najua, msinisumbue. Kosa ni lile lile, na mimi nililifanya kabla yenu. Nitalifikia.

1. Soma jalada kabla ya kupanga. Mwezi jana mmoja wenu aliweka kitabu cha Led Zeppelin kati ya vitabu vya ndege za kivita. Nilipomuuliza, akanionyesha picha kwa kujiamini: si puto hili linaungua? Ndiyo, linaungua. Ni ile Hindenburg iliyoteketea Marekani mwaka 1937, na hao wanamuziki Waingereza waliiweka kwenye jalada la albamu yao ya kwanza mwaka 1969. Humo ndani hakuna rubani hata mmoja. Mwingine aliwapanga Queen pamoja na wafalme na malkia wa Uingereza. Huyo nilimfokea, kwa sababu alikuwa amekalia pesa. Mwimbaji wa bendi ya Queen alikuwa mtoto wa Unguja! Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, familia ikahamia Uingereza mwaka 1964. Mwambie hivyo mteja yeyote mwenye watu wake Pwani, uone kama kitabu kitarudi chini.

2. Kamera ya belo la mitumba, ile mali ya daraja la kwanza, kachague mwenyewe. Ukimtuma mtu utaletewa fagia, yale mabaki.

3. Usipange bei kwa unene.

4. Wanamuziki waliokufa na miaka ishirini na saba hawalali stoo. Jimi Hendrix, Septemba 1970. Janis Joplin, Oktoba hiyo hiyo ya 1970. Jim Morrison, Julai 1971. Kurt Cobain, 1994. Wote walikuwa na miaka 27, na watoto wa Chuo Kikuu cha Egerton wenye fulana nyeusi hushuka kutoka Njoro wakiwaulizia "wale wa ishirini na saba" kana kwamba wanaulizia matatu. Wauzie, lakini usijifanye mwalimu wao. Mimi nilibishana na mmoja kuhusu tamasha la Altamont, Desemba 1969, pale kijana Meredith Hunter alipochomwa kisu bendi ya Rolling Stones ikiwa jukwaani. Nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba wimbo uliokuwa ukipigwa ni "Sympathy for the Devil". Nilikuwa nimesoma hivyo, tena zaidi ya mahali pamoja. Kijana hakubisha. Alitoa simu akaniwekea filamu ya tamasha lenyewe: "Under My Thumb". Habari za mwanzo ndizo zilizochanganya nyimbo, na vitabu vikafuata mkia. Nilimpunguzia soo moja, yaani shilingi mia, kwa aibu.

5. Sasa wembe.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kwenye inama. Ndani ya belo la soko la Gikomba, Nairobi, nikapata kitabu cha maisha ya Hendrix, jalada gumu, na katikati kurasa kumi na sita za picha kwenye karatasi ya kung'aa. Bei, mia nane. Mzee mmoja wa mtaa wa Bondeni akakiona Ijumaa hiyo hiyo. Hakuwa na mia nane, tukakubaliana lipa mdogo mdogo, mia kila Ijumaa, kitabu kibaki kwangu.

Mzee huyu alikuwa amepiga gitaa ujanani, bendi za baa, Nakuru, Kericho, hadi Kisumu. Mkono wake ni wa kushoto. Gitaa lilikuwa la mwenye baa na walilipokezana wawili, kwa hiyo hakuruhusiwa kugusa mpangilio wa nyuzi. Alichofanya ni kuligeuza tu, nyuzi nene zikaenda chini na nyembamba zikaja juu, akajifunza kila kitu kichwa chini miguu juu. Wenzake walimcheka miaka yote. Halafu mtu akamwambia kuna Mmarekani wa mkono wa kushoto, naye alipiga gitaa la watu wa kulia kwa kuligeuza. Basi mzee alitaka kuona picha moja tu, karibu, nyuzi zimekaaje. Miwani yake ilikuwa imevunjika. Alisema amalize kitabu kwanza, kisha miwani, kisha akae chini atazame vizuri.

Haya yote alinieleza. Nilijua. Hapo ndipo panaponichoma mpaka leo.

Alikuwa amelipa mia sita Januari ilipoingia. Mnajua Januari na karo zake ilivyokuwa kwa mtu mwenye mtoto wa kidato cha kwanza. Kinyozi mmoja wa Kaptembwo akapita, akaona zile picha, akasema atachukua zote. Karatasi nane, hamsini kila moja, mia nne taslimu. Nilinunua wembe mpya ili nikate vizuri, kana kwamba ukikata vizuri si wizi. Nikajiambia mzee atabaki na maneno, na maneno ndiyo kitabu.

Alikuja na mia mbili za mwisho na miwani mipya, bado ina kibandiko cha bei. Hakugusa ukurasa wa kwanza. Alifungua katikati moja kwa moja, akakuta vishina vya karatasi, vifupi, vimesimama kama meno ya mtoto yanayoota. Akapitisha kidole juu yake, kwenda na kurudi.

"Kilikuja hivyo kwenye belo, Mzee," nikasema.

"Kijana wangu," akasema, "mimi niliziona."

Akakifunga kwa mikono miwili, akakirudisha mahali pake, akakinyoosha kilingane na vingine. Angenitukana ningepata nafuu.

Nilimwachia jirani mali yangu nikampeleka mzee kwa kinyozi. Picha zilikuwa ukutani, zimebandikwa kwa uji wa ngano, kila moja na namba ya kalamu nyekundu ili mteja achague mtindo. Hendrix alikuwa namba 7, shilingi themanini. Mzee akapanda juu ya benchi, mteja aliyenyolewa nusu kichwa akasogea kumpisha, na pua ya mzee ikakaribia kugusa ukuta. Alifuata uzi mmoja mmoja kwa ukucha, kutoka kichwa cha gitaa hadi chini. Mashine ya kunyoa ilikuwa imezimwa.

"Uzi mnene uko juu," akasema. "Amezibadilisha."

Nikadhani nimemvunja moyo mara ya pili. Kumbe anacheka, mpaka akashikilia ukuta. "Alikuwa na gitaa lake mwenyewe, huyu! Mwenye gitaa lake hupanga nyuzi atakavyo. Sasa mimi nililipiga vile vile lilivyo."

Kinyozi alikataa kutuuzia namba 7, ndiyo iliyoombwa kuliko zote. Nilimrudishia mzee mia sita zake. Akazihesabu, akanirudishia mbili, akachukua kitabu.

Na hata kama huruma hamna, sikilizeni la ufundi: ukikata karatasi za katikati, mgongo wa kitabu unaweza kulegea. Kile kitabu kilianza kuachia kurasa kabla ya Pasaka. Umeuza mia nne, umeua mia nane.

6. Nailoni iwe karibu. Mvua ya Menengai haibishi hodi.

7. Kanjo, askari wa kaunti, wakija, beba roki kwanza. Biblia waache nazo, watazirudisha wenyewe.

8. Kitabu kikikosa kurasa, sema kabla hujaulizwa. Mimi sina hiari tena. Yule mzee bado huja Ijumaa, siku hizi na fimbo, na haulizi bei ya kitu mpaka afungue katikati, alowanishe kidole, azihesabu picha kwa sauti mbele ya wateja wangu wote: moja, mbili, tatu. Akifika mwisho hunitazama juu ya miwani, ndipo anaponiuliza, "Pesa ngapi?"