Maswali yenu: mtafiti wa Delft na kitendawili cha megahezi 1090

Safari iliyopita niligusia kazi za Junzi Sun wa chuo kikuu cha teknolojia cha Delft, Uholanzi, anayechunguza safari za ndege kwa kunasa mawimbi yake. Nikadhani mtapita tu, kumbe maswali kibao.

Huyo jamaa ni rubani? (Mbeya)

Hapana, ni mtafiti, PhD yake kaimaliza hapo hapo Delft mwaka 2019 chini ya Jacco Hoekstra na Joost Ellerbroek, hao ndo wenye BlueSky, programu ya bure ya kuigiza anga lenye ndege nyingi. Kilichomkera ni kwamba data za ndege inapandaje na inakula mafuta kiasi gani zilikuwa zimefungiwa. Modeli iliyozoeleka, BADA ya Eurocontrol, shirika la Ulaya la kuongoza safari za anga, mpaka uombe leseni na ukipewa huruhusiwi kuigawa, sasa mwenzako akitaka kukagua hesabu zako anakaguaje? Ndo akatengeneza OpenAP, bure kwa kila mtu, akitumia data ambazo ndege zenyewe zinamwaga hewani.

Mbona kitabu chake kakiita kitendawili? (Morogoro)

The 1090 Megahertz Riddle, nacho cha bure. Megahezi 1090 ndo masafa zinayoongelea transponda za ndege, yaani redio zinazoitambulisha ndege kwa rada. Kuna ADS-B, hapo ndege inajitangaza bila kuulizwa, niko hapa, kimo hiki, spidi hii, mahali ilipo inapataja kama mara mbili kwa sekunde, ujumbe una biti 112 na kati yake 24 ni namba ya ndege yenyewe. Huo unasomeka. Kasheshe ni ule mwingine: rada iliyo ardhini inauliza kwa megahezi 1030, ndege inajibu kwa 1090, alafu wewe na antena yako juu ya bati unadaka jibu tu, swali huna, na jibu lenyewe halisemi linajibu nini! Yaani kama konda anaongea na simu kwenye daladala, "ndio… mbili… hapana, kesho", kazi kwako.

Sisi kwenye vitendawili mtu anatega unatafuta jibu, huyu kapewa jibu anatafuta swali. Anachofanya anajaribisha kila swali linalowezekana anaangalia lipi linaleta maana, ukizisoma biti kama spidi ukakuta ndege ya abiria inakimbia kilomita 3,000 kwa saa basi ujue hiyo sio spidi, jaribu lingine. Kaiweka yote kwenye pyModeS, programu ya lugha ya kompyuta ya Python.

Uzito wa ndege wanaujuaje? (Arusha)

Ndege haiutangazi na mashirika hayapendi kuusema. Ila lori la mchanga likiondoka si unalijua tu? Anaangalia ndege inavyochanganya kwenye njia ya kurukia, nzito inachelewa. Tatizo marubani mara nyingi hawatumii nguvu yote ya injini, kwa hiyo hatoi namba moja, anatoa makadirio yenye wigo, na mi nampenda hapo.

Niko Dar, nami naweza? (Temeke)

Unaweza. Unahitaji antena na kile kidude kama fleshi kilichotengenezwa kwa ajili ya TV za kidijitali, ndege iliyo kilomita 10 juu unaipata mpaka karibu kilomita 400 kama hamna kizuizi, yaani hata zinazopita juu ya Mombasa unazo. Kibali waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ila ukitaka kupima upepo kwa ndege kama yeye, hiyo inategemea yale majibu ya rada, na kama hamna rada inayouliza spidi ya hewani na uelekeo, hayo ndege inayakalia kimya. Sikiliza wiki mbili kwanza ndo uandike andiko la utafiti.

Mtu si anaweza kurusha ndege hewa? (Tanga)

Anaweza, ADS-B haina kufuli. Dawa ni antena kadhaa kulinganisha muda wimbi lilivyofika kila moja, ndege hewa inayorushwa kutoka chumbani kwa mtu hesabu zitaikataa.

Kwa hiyo rada tuache kununua? (Dodoma)

Hapana bana, rada ya msingi, ile inayosikiliza mwangwi wa mawimbi yake yenyewe, inamuona hata aliyezima transponda. Ila bei tukubaliane mapema, chenji ya rada ya BAE, zile pauni milioni 29.5 ambazo kampuni hiyo ya Uingereza iliilipa Tanzania baada ya kashfa ya kutuuzia rada, mi naona kwa kizazi kimoja inatosha.