Ng'ombe asikatwe vipande kwenye kiungo

SWALI: Nahariri tovuti ya wafugaji. Kila kichwa tunachoandika, programu hukitungia kitambulisho yenyewe, yaani yale maneno yanayofuata alama ya reli (#) mwishoni mwa kiungo. "Magonjwa ya Ng'ombe" hutoka "magonjwa-ya-ng-ombe". Fundi wetu anashauri tuandike "ngombe" hata kwenye kichwa chenyewe ili yaishe. Inafaa?

JIBU: Haifai. Ng' ni konsonanti moja, na ritifaa, ile alama ('), ni sehemu ya tahajia yake. Ngoa ni wivu au tamaa. Ng'oa ni kazi ya mwenye jembe na kisiki. Msomaji asiharibiwe tahajia kwa sababu programu imeshindwa.

Kwenye kitambulisho, hapo nitalegeza. HTML ya sasa, yaani lugha ya kompyuta inayoandikiwa kurasa za tovuti, haidai mengi: kisiwe kitupu, kisiwe na nafasi ndani yake, kisirudiwe katika ukurasa huohuo. Kwa hiyo hata ritifaa inaruhusiwa. Ila programu nyingi zina mazoea ya HTML 4, toleo la zamani, lililotaka kitambulisho kianze na herufi kati ya a na z, kisha kifuate herufi hizohizo, tarakimu na alama chache. Zipo zinazofuta alama zisizozitaka, na zipo zinazoweka kistari mahali pake. Yenu ni ya kundi la pili, ambalo kwa Kiswahili ndilo baya zaidi, kwa kuwa linakata sauti moja vipande viwili. Mwambieni fundi ritifaa ifutwe kwanza, ndipo nafasi na alama nyingine zigeuzwe vistari. Mtapata "magonjwa-ya-ngombe", nami sitagomba, kama nisivyogombana na mtu juu ya jina la faili.

Afute za aina mbili: iliyonyooka ya kwenye kibodi na iliyopinda ambayo Word huipachika bila kuombwa. Kwa kompyuta hizo ni alama tofauti kabisa. Akiisahau iliyopinda, mtu atanakili kiungo, akibandike WhatsApp, na katikati ya ng'ombe itokee %E2%80%99.

Hata hivyo sisi tuna nafuu. Programu isiyojua herufi zaidi ya a hadi z ikipewa neno Gĩkũyũ, hubakiza "gky". Kichwa kilichoandikwa chote kwa hati ya Kiarabu, kama zilivyoandikwa tenzi za zamani, hakibakizi kitu.

Lakini kuna jambo hukuliuliza, nalo linanitia wasiwasi kuliko ritifaa. Tovuti ya magonjwa ya mifugo bila shaka ina "Dalili", "Tiba" na "Kinga" chini ya kila ugonjwa. Kwa kuwa vitambulisho haviruhusiwi kufanana, programu nyingi huongeza namba kwa kufuata mpangilio wa ukurasa: dalili, dalili-1, dalili-2. Tuseme dalili-1 ni za ndigana kali. Siku mkipachika kimeta juu yake, dalili-1 inakuwa za kimeta, na mfugaji aliyetumiwa kiungo mwezi uliopita anasoma ugonjwa mwingine bila kujua. Kimeta humwambukiza hata mchinjaji, kwa hiyo kosa hilo si la mhariri peke yake.

Dawa yake ni ya lugha kabla ya kuwa ya kompyuta: andikeni "Dalili za ndigana kali". Kichwa kamili humsaidia pia anayesoma kwenye simu, ambaye jina la ugonjwa limeshampita juu ya kioo. Mkipenda vichwa vibaki vifupi, vitambulisho tungeni kwa mkono: dalili-ndigana, dalili-kimeta.

Vile vilivyokwisha kusambaa, hata chenye "ng-ombe", msivifute. Fundi anaweza kukiweka cha zamani kwenye elementi tupu, yaani kipande cha msimbo wa ukurasa kisicho na maandishi, juu ya kichwa, na kipya kikakaa kwenye kichwa chenyewe. Kiungo kisipokuta kitambulisho chake hakitoi onyo lolote. Ukurasa hufunguka tu kuanzia juu kabisa.