Barua kwa mwanangu: Kabla hujabadilisha fani jeshini

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka hapa Lowell. Baba yako hajambo, wadogo zako hawajambo, na bibi yako kule Mombasa anakuulizia kila tukipiga simu.

Umeniuliza swali la moja kwa moja nami sitakuzungusha. Umesema umechoshwa na kikosi chako hapo Fort Drum, kambi ya jeshi la Marekani, na zaidi ya yote umechoshwa na sajenti wa jikoni. Mshauri wa mikataba amekuambia kwamba ukisaini tena unaweza kuacha upishi ukasomea utabibu wa askari. Unataka kujua kama usaini au uvumilie mpaka mkataba uishe.

Jibu langu: usisaini kwa ajili ya kumkimbia sajenti. Kama unautaka utabibu wenyewe, saini, nami nitakuombea usiku na mchana. Lakini lazima kwanza ujue ni kipi kati ya hivyo viwili kinachokusukuma, na mimi kwa kusoma ulichoandika sijaridhika kwamba unajua.

Karibu barua yako yote inamhusu yeye. Anavyopanga zamu ili wikendi zako ziishie jikoni. Anavyokufokea mbele ya askari wageni. Alivyokunyima ruhusa ya kuja harusi ya binamu yako, mwenzako akaomba wiki ile ile akapewa. Kuhusu utabibu umeandika mistari michache mwishoni: kwamba kwenye ile kozi ya saa 40 ya kuokoa majeruhi wewe ulikuwa wa kwanza kuufunga sawasawa mkanda wa kuzuia damu, na mwalimu akakuuliza mbona hukuchukua utabibu tangu mwanzo. Mistari hiyo niliisoma nikatabasamu peke yangu. Ila ni michache, mama, na ya sajenti imejaa kurasa.

Mjomba wako, ambaye jeshi hilo alilitumikia mpaka akastaafu, ameniambia jambo ambalo wewe ukiwa katikati ya moshi huwezi kuliona. Jeshini watu hawakai. Askari wa cheo chako hukaa kambi moja miaka mitatu hivi. Kamanda wa kampuni mara nyingi hafiki hata miaka miwili kwenye kiti chake. Masajenti nao huhamishwa, huitwa kwenye kozi, hustaafu. Huyo anayekufanyia visa leo, huenda kiangazi kijacho yeye ndiye anayefunga masanduku. Fani yako lakini haihami bila wewe. Ukisaini miaka minne au mitano ya kazi mpya, utaamka nayo kila asubuhi, na ukifika kikosi kipya utakuta sajenti mwingine, ambaye hakuna mshauri anayeweza kukuahidi kwamba atakuwa mwema. Usije ukaruka majivu ukakanyaga moto.

Hapa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi tulikuwa na msimamizi wa zamu ambaye watu walimkimbia. Muuguzi mmoja aliomba kuhamia ghorofa nyingine, akavumilia huko. Mwingine alikasirika akaacha uuguzi kabisa, akaenda kuendesha teksi. Msimamizi mwenyewe hakumaliza mwaka. Yule aliyeacha alipotaka kurudi, leseni yake ilikuwa imeisha muda, ikabidi aanze kuhangaika na karatasi upya, na ni mmoja wa wauguzi wenye mikono mizuri kuliko wote niliofanya nao kazi.

Sasa kuna jambo nataka unijibu kwa simu, si kwa maandishi, na unijibu kweli. Je, anachokufanyia ni ukali na upendeleo tu, au kuna zaidi? Amekugusa? Amekutamkia maneno machafu? Nakuuliza kwa sababu mwaka 2020 sisi wazazi wote wenye mabinti jeshini hatukulala. Vanessa Guillén, binti wa miaka 20, aliuawa na askari mwenzake ndani ya kambi ya Fort Hood huko Texas. Uchunguzi wa jeshi lenyewe ulikuta kwamba kabla ya hapo mkubwa wake mmoja, ambaye si huyo aliyemuua, alikuwa amemsumbua kingono. Taarifa ziliwafikia viongozi wa kikosi, nao hawakufanya kitu. Desemba ya mwaka huo viongozi 14 walisimamishwa au kuondolewa kazini. Sheria nazo zikabadilishwa, na tangu mwisho wa mwaka 2023 uamuzi wa kumshtaki mtu kwa makosa kama ubakaji si wa kamanda wa kikosi tena. Wanaamua mawakili maalumu wa jeshi. Kama yako ni ya namna hiyo, habari ya kubadilisha fani tuiweke pembeni kabisa. Nitapanda gari usiku huo huo nije.

Kama ni ukali na upendeleo, hilo nalo si la kumezea tu. Andika. Tarehe, zamu, nani alikuwepo, alisema nini. Mali bila daftari huisha bila habari, na manung'uniko ni vivyo hivyo. Ukishakuwa na orodha yako unayo haki ya kumwona kamanda. Mlango wake uko wazi kwa askari yeyote, hiyo ni taratibu na si hisani. Akikupuuza yupo mkaguzi mkuu wa kambi. Na ukitaka kulia tu mbele ya mtu ambaye hatasema popote, nenda kwa kasisi wa kikosi: unachomwambia kwa siri analazimika kukitunza. Hayo yote unaweza kuyafanya bila kusaini chochote.

Halafu sipendi unavyoandika "mimi mpishi tu". Ile picha uliyotuma ya jiko la kontena mlipokuwa porini, theluji imefika magotini, wewe umeshika mwiko mrefu kama kasia, na mkononi ule mstari wa kuungua na oveni, nimeionyesha watu wote kanisani. Jiko lile moja linaweza kulisha askari 800. Unaamka saa tisa usiku ili wenzako wapate uji na mayai ya moto kabla hawajatoka kwenye baridi ya kaskazini ya New York, ambayo mimi naijua kwa kuja kukutembelea mara moja tu na sikuisahau. Kazi hiyo ina heshima yake. Ukiiacha, iache kwa sababu unapenda nyingine.

Haya, tuseme umekaa kimya, umejipima, na umeona kweli ni utabibu. Hapo ndipo tuzungumze hesabu.

Mjomba anasema ukifikia wakati wa kuongeza mkataba unapewa machaguo kadhaa. La kwanza unaliachia jeshi likupeleke linakotaka. La pili unabaki ulipo. La tatu ni mafunzo ya fani mpya, na ndilo mshauri wako alilokutajia. La nne unaomba kwenda ng'ambo, na la tano unaomba kambi unayoitaka ndani ya Marekani. Nimeyaandika yote kwa sababu naona mshauri alikutajia moja. Kama shida yako ni kikosi peke yake, la nne na la tano yanakutoa hapo ukiwa bado 92G, yaani mpishi wa jeshi, na cheo chako na pointi zako zikiwa vile vile.

Kwa fani ya 68W, yaani tabibu wa askari, kwenye ASVAB, ule mtihani wa kupima uwezo wa kuingia jeshini, unatakiwa uwe na alama ya jumla (GT) 107 na ya ufundi (ST) 101. Wewe uliniambia GT yako ni 102. Uliufanya mtihani ule ukiwa na miaka miwili tu hapa Marekani, Kiingereza chako bado cha shule ya kwetu, kwa hiyo namba ile haisemi uwezo wako wa leo. Kambini kuna darasa la kuwanoa askari hesabu na kusoma, kisha unafanya mtihani upya. Ingia darasa hilo hata kesho. Halikufungi na lolote, na hata ukiamua kubaki mpishi alama za juu zitakufungulia milango mingine.

Ukikubaliwa, mafunzo ni wiki 16 kule Fort Sam Houston, San Antonio, na lazima upate cheti cha huduma ya dharura kinachotambulika nchi nzima. Watu hufeli. Anayefeli harudi kuchagua. Jeshi linampanga panapohitaji mtu, na mkataba aliosaini unabaki pale pale. Usiende San Antonio kwa hasira za Fort Drum, maana hasira haitakusaidia kukariri mishipa ya damu.

Mimi kama muuguzi nina la kwangu la kuongeza, na usiseme mama anavutia upande wake. Muulize mshauri pia kuhusu 68C. Huyo ni muuguzi mwenye leseni, wa ngazi inayoitwa LPN. Mafunzo yake ni karibu mwaka mzima, na ukimaliza unafanya mtihani ule ule tunaofanya sisi raia. Leseni hiyo ukitoka jeshini unaingia nayo kazini Jumatatu. Cheti cha 68W ni kizuri, lakini uraiani kinakupeleka kwenye gari la wagonjwa kwa mshahara ambao wengi wanaulalamikia. Na kuna 68M, mtu wa lishe hospitalini, anayepika na kupanga chakula cha wagonjwa wa kisukari, wa figo, waliotoka upasuaji. Hiyo inachukua mikono yako ya jikoni na huo moyo wako wa kuuguza inaviweka pamoja. Sijui kwa nini hakuna aliyekutajia.

Yapo pia ya fedha na vyeo. Ulipoingia ulipewa bonasi kwa sababu ya upishi. Ukihama fani kwa hiari kabla muda ule haujaisha, sehemu ambayo hujaitumikia unaweza kudaiwa. Na wewe ni Specialist unayenyemelea usajenti. Pointi za kupanda cheo zinatofautiana fani kwa fani na zinabadilika kila mwezi. Ukiingia utabibu utashindana na waliouanza tangu kuruti. Mjomba ameona watu waliohama wakakwama cheo kile kile miaka, ameona pia waliohama wakapaa. Uliza pointi za fani unayoitaka zilikuwaje mwaka huu wote, si mwezi huu tu.

Tena usifikiri barabara ni mbili. Miezi 36 ya utumishi inakupa fedha kamili za masomo za askari waliotumikia baada ya Septemba 10, 2001. Ukimaliza mkataba wako huo na kutoka kwa heshima, unaweza kurudi hapa, ukasoma uuguzi wa chuo bila deni, ukilala chumbani kwako. Sikwambii urudi. Nakwambia mlango huo upo, na mshauri wa mikataba hana sababu ya kukuonyesha, kwa kuwa kazi yake ni kukubakiza.

Najua pia kuna kitu kinachokubana usichokisema. Uraia uliupata haraka kwa sababu ya sare hiyo, wakati mimi na baba yako tulisubiri ile miaka mitano ya kadi ya ukaaji kama watu wote. Unajiona una deni. Huna. Uliahidi miaka minne na unaitumikia kila alfajiri mbele ya jiko la moto. Hesabu hiyo imelipwa, na mkataba mwingine wowote ni makubaliano mapya ambayo una haki ya kuyapima kama mtu mzima.

Kwa hiyo ukienda kwa mshauri wiki ijayo, nenda bila kalamu. Mwombe akuonyeshe kwa maandishi fani zipi ziko wazi sasa kwa mtu wa 92G wa cheo chako, tarehe ya kuanza mafunzo, mkataba utakuwa wa miaka mingapi, na kinachotokea ukifeli. Akikwambia nafasi itafungwa kesho, mwambie utarudi kesho. Ahadi ya mdomo, hata ikitoka kwa mtu mzuri, kama haimo kwenye karatasi yenye sahihi haimo.

Kisha kaa siku kadhaa ujiulize hivi: kama leo sajenti huyo angehamishwa na akaja mwingine mwenye utu, je, bado ungetaka kuacha jiko? Ukiona jibu ni ndiyo bila kusita, nipigie tuanze kusoma hesabu za GT pamoja, mimi usiku nikiwa mapumziko ya zamu, wewe kabla hujaenda kuwasha majiko. Ukiona unasita, tuanze na ile orodha ya tarehe, na maombi ya kambi nyingine.

Mjomba wako yuko nyumbani jioni zote isipokuwa Alhamisi. Mpigie kabla hujaonana na mshauri, ana maswali yake anataka ukamuulize. Na lile swali langu la juu usilikwepe; nataka nisikie sauti yako ukilijibu.

Nakupenda sana,
Mama yako