Mchanga wa treni: mlimani tunaumwaga, jangwani wanauzoa

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nilipanda TAZARA hapa Dar kwenda Makambako, na kabla ya kuondoka niliona mafundi wakimimina mchanga kwenye kichwa cha treni. Juzi nikaona video ya treni ndefu ya Mauritania ikikata jangwa. Wao mchanga wanao bure. Ina maana treni zao haziwezi kuteleza? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Marahaba. Wengi hudhani ule mchanga ni wa kuongeza uzito. Hapana, ni wa kumwagwa relini. Gurudumu la chuma hugusa reli ya chuma mahali padogo tu, kama ukucha wa kidole gumba. Kwenye tambarare, hilo ni raha. Mlimani ni balaa.

Chukua treni ya mizigo ya tani 1,000, kichwa kikiwemo, kwenye mwinuko wa mita 20 kwa kila kilomita. Kuishikilia tu isirudi nyuma kunataka nguvu ya tani 20. Kichwa cha tani 120, reli ikiwa kavu, hushika kama robo ya uzito wake: tani 30. Kinapanda. Ukishuka umande, au reli ikiwa na mafuta, mshiko unaweza kubaki sehemu ya kumi, yaani tani 12. Injini inanguruma, magurudumu yanazunguka palepale, reli inaungua na kubaki na kovu. Ndipo dereva anapofungua hewa, ikapuliza mchanga kidogo kupitia mrija ulio mbele kidogo ya gurudumu, ili lishike tena. Kidogo kweli, kama chumvi kwenye mboga.

Tena uwe mkavu, umechekechwa. Ujanani, kwenye reli moja nisiyoitaja, tulikwama mlimani usiku wa mvua kwa sababu kifuniko cha sanduku la mchanga kiliachwa wazi. Nilichokonoa mrija kwa bisibisi, likatoka donge gumu kama kashata. Tulikata treni vipande viwili, tukavuta kimoja kimoja mpaka alfajiri.

Sasa Mauritania, kwenye reli ya madini ya chuma ya Zouérat hadi Nouadhibou, kama kilomita 700. Huko mchanga hauji kwa kipimo. Ukilundikana juu ya reli, gurudumu linalazimika kuusaga na treni inakuwa nzito zaidi. Unaweza hata kuitoa njiani. Unakula chuma kama msasa. Lakini ubaya wake mkubwa uko chini: kokoto zinatakiwa zinyumbuke kidogo treni inapopita, na mchanga ukijaa katikati yake njia inakakamaa kama sakafu ya saruji. Kishindo chote kinaishia kwenye mataruma yanayobeba reli, na kwenye magurudumu. Ndiyo maana kuzoa mchanga huko ni kazi isiyokwisha.

Hata sisi tukizidisha tunaumia. Mchanga mwingi huzuia umeme kupita kati ya gurudumu na reli, na palipo na mitambo inayotegemea umeme huo kutambua treni, njia huonekana tupu kumbe treni ipo.

Ukisafiri tena, kaa behewa la karibu na kichwa. Baada ya Mlimba, njia inapoanza kupanda, tega sikio: ukisikia hewa ikifyonya, kisha mkwaruzo kama wa mtu anayetafuna wali wenye mawe, ujue mchanga umemwagwa.