Re: Mtoto kaandikiwa kipimo cha umeme cha sikoseli, hatapigwa shoti?

Dada wa Arusha, ondoa hofu, umeme haumgusi mtoto hata kidogo. Anatolewa damu kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau anarudi zake nyumbani, umeme unakutana na damu huku maabara. Mi nafanya kazi maabara hapa Moshi na hiki kipimo tunakifanya sana, ngoja nikueleze kinavyoenda.

Tunazipasua seli nyekundu ili hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, itoke, afu tunaweka tone dogo mno kwenye ukanda mwembamba wa selulosi asetati uliolowekwa bafa, yaani kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike, ya pH 8.4 mpaka 8.6. Kwenye pH hiyo hemoglobini inabeba chaji hasi, so ukiwasha umeme, volti 350 hivi kwa dakika 25, inaanza kutembea kwenda upande wa chanya. Sasa utamu uko hapa: sikoseli yote hii inayotesa watu imetokana na asidi amino moja tu, yaani tofali moja la protini, kwenye mnyororo wa beta wa hemoglobini, pale nafasi ya 6 ilitakiwa ikae glutamiki yenye chaji hasi ikakaa valini ambayo haina chaji, basi hemoglobini S, ile ya sikoseli, inavutwa kwa nguvu pungufu na inaachwa nyuma na A, ile ya kawaida. Mwanakemia Linus Pauling na wenzake walishaonyesha tangu 1949 kwamba S na A zinatembea tofauti kwenye umeme. Tukipaka rangi mistari inatokea myekundu, A mbele, F, ile ya mtoto mchanga, inafuata, S nyuma yake. Mtoto wa AS, yaani anayebeba tu, ana mstari wa A na wa S, wa SS, yaani mgonjwa, hana A kabisa.

Kile kipimo cha kwanza unachosema kilisoma pozitivu, cha kuangalia seli zikijikunja kwenye hadubini, hakitenganishi mgonjwa na anayebeba tu, kwa hiyo daktari wako yuko sahihi kabisa kutaka hiki, wengi huwa wanaishia pale na mzazi anaondoka analia bure.

Ukiambiwa majibu bado urudi kesho usigombane nao, umeme ukikatika katikati mistari inatawanyika haisomeki, inabidi turudie.

Mwaka na nusu ni umri mzuri, chini ya miezi 6 F huwa bado nyingi inachanganya. Ila kama aliongezewa damu ndani ya hii miezi 3 waambie kabla hawajamtoboa, maana A ya aliyechangia itaonekana kama yake na mtoto wa SS atasomeka AS.